Punje Isiyopimwa

Katika wilaya za Bundibugyo na Mukono, nchini Uganda, upo mmea utambaao unaotunzwa kama mtoto wa mfalme. Mmea huo ni vanila. Ua lake hukaa wazi kwa saa chache tu, na katika saa hizo sharti mtu alishike kwa vidole na kuliunganisha chavua yake kwa kijiti chembamba. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 12. Lakini mmea huu wenye thamani una adui. Kuvu iitwayo Fusarium hukaa katika udongo, huozesha mizizi na shina, na huweza kumaliza shamba. Tena kwa kuwa vanila hupandwa kwa vipande vya shina na si kwa mbegu, mimea ya shamba moja huwa kama mapacha, na udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Hata ganda likiisha kuchumwa salama hatari haijapita. Hukaushwa na kuhifadhiwa kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo maganda hukaguliwa moja moja. Lionekanalo na doa la ukungu hutengwa upesi lisije likaharibu mengine.

Sababu ya uangalifu huo si siri. Mwaka 2018 bei ya kilo moja ya vanila katika soko la dunia ilikaribia dola 600 za Marekani. Kitu chenye bei kama hiyo hakitupwi pembeni ya nyumba kikaota ukungu. Hulindwa usiku, hupimwa mchana, na anunuaye hukigeuza na kukinusa kabla hajafungua mkoba wake. Simlaumu mkulima wa vanila kwa juhudi yake, maana atunzaye mali yake ana haki ya kufanya hivyo. Nataka tu, wewe usomaye, uuweke uangalifu huo katika kumbukumbu yako, kwa kuwa tutauhitaji baadaye kama kipimo.

Wala usiseme kwamba vanila iko mbali nasi. Katika miteremko ya Mlima Kenya, kwenye mashamba ya Embu na Meru, iko kahawa. Kahawa nayo ina kuvu yake, iletayo ugonjwa wa chulebuni ambao huoza matunda yangali mabichi mtini. Ugonjwa huo ulijulikana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Tangu wakati huo wataalamu wamekesha juu yake. Dawa zilitafutwa, miche ilichanganywa, na mwaka 1985 ikatolewa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 yenye nguvu ya kuukinza. Mwaka 2010 ikafuata aina nyingine iitwayo Batian, kwa jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya. Hiyo ni kazi njema, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini kahawa, kama vanila, huchumwa na mtu mmoja na kunywewa na mwingine aliye mbali. Sasa natupe macho yetu katika chakula ambacho mchumaji wake ndiye mlaji wake.

Ukishuka kutoka miteremko hiyo ya kahawa, ukaiacha baridi na migomba nyuma yako, utafika katika nchi kavu ya Wambeere, na mwisho wake utafika Kiambere. Hapo Mto Tana umezuiwa kwa bwawa tangu mwaka 1988, la mwisho katika safu ya mabwawa matano yaanzayo Masinga na kupita Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Ng'ambo ya maji ni nchi ya Kitui. Jua la huko ni kali, mvua ni haba, na watu hulima ndengu, kunde, mtama, mawele na mahindi. Katika mazao hayo yote, lijazalo sufuria mara nyingi zaidi ni mahindi. Hupikwa ugali, huchemshwa pamoja na maharage au kunde, huwa uji wa mtoto aachaye ziwa. Na mahindi hayo, ambayo ni maisha ya nyumba, huweza kubeba kuvu mbaya kuliko ile ya vanila na ile ya kahawa. Kuvu ya vanila humla mmea na kumwacha mkulima na hasara. Kuvu ya mahindi humwacha mkulima na gunia lililojaa, kisha sumu yake humfuata mezani.

Jina la kuvu hiyo ni Aspergillus flavus. Rangi yake huwa ya kijani iliyochanganyika na manjano, na hutoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini, nasi siku hizi huiita sumukuvu. Watu wengi hudhani kwamba ukungu ni mtoto wa mvua, na kwamba nchi kavu kama Kiambere imesalimika nao. Dhana hiyo ni kosa kubwa. Kuvu hii hupenda joto. Mahindi yanapokosa maji wakati wa kuchanua na kujaza punje, mmea hudhoofika, wadudu hutoboa punje, na kuvu iliyomo katika udongo na hewa hupata mlango. Kwa hiyo ukame, ambao watu huuogopa kwa njaa tu, ni mpishi wa sumu pia. Kisha huja balaa ya pili. Mahindi ya mvua za Oktoba hadi Desemba huvunwa yapata Februari na Machi, na mvua za masika nazo hubisha hodi katika mwezi huo wa Machi. Mkulima ambaye mazao yake yaliteswa na jua shambani huyaona yakinyeshewa mvua uani. Akiyaingiza ndani yangali na unyevu, amelifungia jambazi nyumbani na kulipa kitanda.

Sumu hii ilijulikana kwa vifo vya ndege. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Ulipochunguzwa chanzo chake, ilionekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu yaliyotoka Brazil. Dunia ikashtuka, kwa kuwa bata mzinga wana bei. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 likaja pigo kubwa zaidi. Katika nchi za Makueni na Kitui hasa, na Machakos na Thika kwa kiasi kidogo, watu 317 waliugua hata kufikia mwezi wa Julai. Macho yalikuwa manjano, matumbo yalivimba, maini yalishindwa kazi. Watu 125 walikufa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi ukaua tena. Mwaka 2016 ulibisha hodi Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukaondoka na roho za watu 20.

Soma tena hesabu hiyo, ukumbuke kwamba Kitui ya mwaka 2004 inatazamana na Kiambere kwa upana wa maji tu. Kuvu haina haja ya mtumbwi. Jua ni lile lile, udongo ni ule ule, na gunia la mahindi huvuka daraja kwenda soko lolote. Wachunguzi walipopima mahindi ya masoko katika wilaya zilizopigwa mwaka ule, waliona kwamba zaidi ya nusu ya sampuli, yaani 55 katika kila 100, zilizidi kiasi cha sumu kilichoruhusiwa wakati ule. Sampuli 7 katika kila 100 zilizidi kiasi hicho mara 50. Kwa hiyo waliokufa hawakuwa watu wachache wenye bahati mbaya waliookota punje mbovu. Walikuwa wanunuzi wa kawaida katika masoko ya kawaida, na walaji wa mazao ya mashamba yao wenyewe.

Tena vifo hivyo ni moshi tu. Moto wenyewe uko chini. Sumu ikiliwa nyingi kwa mara moja huua katika siku chache, na habari zake huandikwa. Lakini ikiliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, haipigi kelele. Huleta saratani ya ini, na hatari yake huzidi mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini viitwavyo hepatitisi B. Ng'ombe akilishwa mahindi yenye sumu, sumu hupita katika maziwa yake, na mama akilila pishi hilo hilo, hupita katika maziwa yake pia. Uchunguzi uliofanywa Benin na Togo uliona kwamba watoto waliokuwa na sumukuvu nyingi zaidi katika damu ndio waliodumaa zaidi. Mtu afaye kwa saratani ya ini akiwa na miaka 45 hasemwi kwamba ameuawa na ugali wa utotoni. Husemwa kwamba siku zake zimekwisha.

Hapa ndipo nianzapo ugomvi wangu. Simgombi kuvu, kwa sababu kuvu haina masikio. Nagombana na visingizio tunavyoikaribisha navyo, na nitavitaja kimoja kimoja.

Kisingizio cha kwanza husema hivi: "Babu zetu walikula mahindi yenye koga wala hawakufa." Nani aliwahesabu? Waliokufa kwa sumu hii walifanana na waliokufa kwa maradhi mengine ya ini, na kifo chao kilipewa majina mengi, na majina mengine yalimletea jirani asiye na kosa sifa ya uchawi. Tena babu wa babu zetu katika nchi kavu hawakutegemea mahindi kama sisi. Mtama na mawele ndivyo vilivyokuwa chakula chao, nafaka zinazovumilia ukame kuliko mahindi. Basi anayejikinga kwa jina la mababu ajue kwamba amewasingizia. Yeye amebadili chakula chao, kisha anataka wamtolee ushahidi juu ya chakula ambacho hawakukizoea.

Kisingizio cha pili husema kwamba moto husafisha kila kitu. Ingekuwa kweli tungelala usingizi mtamu. Moto wa jikoni huua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutolewa hukaa. Ugali uliosongwa vizuri na mahindi yaliyochemshwa kutwa huweza kubeba sumu hata sahanini. Wala jicho si kipimo cha kutosha. Punje yenye koga ya kijani hutangaza ubaya wake, na ni wajibu kuitupa. Lakini sumu haina rangi wala harufu, na huweza kuwamo katika punje inayong'aa. Sheria ya Kenya inaruhusu sehemu 10 tu za sumukuvu katika sehemu bilioni 1 za mahindi. Fanya hesabu hiyo katika daftari lako. Katika gunia la kilo 90, kiasi hicho hakifiki sehemu moja ya elfu ya gramu. Nani mwenye jicho la kuona hivyo?

Kisingizio cha tatu ni kibaya zaidi kwa kuwa kimevaa nguo ya busara. Husema, "Mahindi mabovu tusiyatupe, tuwape kuku na ng'ombe, au tuyapike pombe." Huku si kutupa sumu, ni kuizungusha. Imetoka mlangoni ikaingia dirishani, katika kikombe cha maziwa. Na yuko ndugu wa kisingizio hiki akaaye sokoni, ambaye huchukua debe la mahindi mabovu akalichanganya na madebe manne mazuri ili bei isishuke. Mtu huyo huitwa hodari wa biashara. Mimi simwiti hodari. Atiaye maji katika maziwa humwibia mnunuzi fedha, lakini achanganyaye mahindi haya humwibia maisha, na tofauti kati ya wizi huu wawili ni kubwa kuliko lugha ya biashara iwezavyo kuificha.

Kisingizio cha nne hutoka kwa watu walioketi mbali na shamba. Hao husema, "Kosa ni la mkulima. Hakukausha, hakuhifadhi, hajui." Maneno haya yana punje ya kweli ndani ya gunia la uonevu. Ni kweli kwamba katika mwaka 2004 uchunguzi ulionyesha kuwa nyumba zilizoweka mahindi yenye unyevu ndani ndizo zilizopigwa zaidi. Lakini uliza kwa nini mtu huweka mahindi mabichi ndani ya nyumba anamolala. Mwaka wa njaa, hindi lililoachwa shambani likauke ni karamu ya mwizi na ya nyani. Mvua ikinyesha, uani hakuanikiki. Turubai lina bei. Ghala nzuri ina bei. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa mvivu, alikuwa akilinda chakula cha watoto wake kwa njia aliyokuwa nayo. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ameiua nyumba yake kwa ujinga ni kumzika mara mbili.

Baada ya kuvijibu visingizio hivyo, labaki shtaka langu kubwa, nalo ni hili: tumejifunza kupima punje inapovuka mpaka, hatujajifunza kuipima inapovuka kizingiti cha jiko. Mwezi wa Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama mipakani, wafanya biashara wakalia, na baada ya siku chache amri ikalegezwa kwa sharti kwamba kila shehena iwe na cheti kionyeshacho kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni 1. Sipingi cheti hicho. Serikali inayokagua chakula kiingiacho inatimiza wajibu wake. Lakini sumu haikuletwa Makueni mwaka 2004 kwa lori la mgeni. Ilikuwa imeota nyumbani. Mahindi ambayo hayajapanda lori lolote, yaliyotoka shambani hadi ghalani na ghalani hadi chunguni, hayana mpaka wa kuvuka, na kwa hiyo hayana wa kuyauliza cheti. Mlaji wao ni maskini zaidi ya walaji wote, na kipimo chake ni kidogo zaidi ya vipimo vyote.

Sasa kumbuka kile kipimo nilichokuomba ukiweke. Ganda la vanila, ambalo mtu hulitia katika keki kwa kunukisha tu, hukaguliwa moja moja kwa miezi. Punje ya mahindi, ambayo mtoto wa Kiambere huila asubuhi na jioni, hukaguliwa na nani? Mtu hataumwa kwa kukosa vanila. Kwa nini basi kile cha anasa kilindwe kuliko kile cha uhai? Jibu ni chungu lakini ni fupi. Ganda hupimwa kwa fedha atakayotoa mnunuzi wake. Punje hupimwa kwa fedha aliyo nayo mlaji wake, na mlaji huyo hana.

Huenda ukanijibu kwamba ulimwengu ndivyo ulivyo, na kwamba kuvu haishindiki. Hapo utakosea, kwa maana elimu imekwisha fungua njia. Katika nchi zetu wenyewe wataalamu walichunguza jamii za Aspergillus wakaona kwamba ziko zisizo na uwezo wa kutoa sumu. Walizichagua, wakazikuza juu ya punje za mtama zilizouawa zisiote, na mkulima huzimwaga shambani majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajachanua. Kuvu hiyo njema huwahi nafasi, na ile yenye sumu hukuta nyumba ina wenyewe. Dawa hiyo, iitwayo Aflasafe, ilipata idhini ya kutumiwa Kenya mwaka 2015, na hutengenezwa Katumani, karibu na mji wa Machakos. Ekari moja hutaka kilo 4 tu. Basi kinachopungua si maarifa. Mwiba umekwisha patikana wa kuutolea mwiba, ila mkono wa kuushika haujanyoshwa hata ukafika kwa kila mwenye ekari mbili.

Kwa hiyo madai yangu si ya ndoto. Nataka dawa hiyo ihesabiwe pamoja na mbegu na mbolea, ili mkulima wa nchi kavu aipate mahali apatapo vitu hivyo. Nataka mashine ya kukausha nafaka iwe karibu na soko, ya kutumiwa na wengi kwa ada ndogo. Maji ya Tana huzungusha mitambo ya Kiambere na kutoa megawati 168 za umeme uangazao miji ya mbali. Je, ni ombi kubwa kwamba sehemu ndogo ya nguvu hiyo ikaushe magunia ya watu waishio kando ya maji hayo? Nataka mahindi safi yapewe bei iliyo juu ya mahindi yasiyopimwa, ili uaminifu uache kuwa hasara. Na nataka kipimo kiende kijijini wakati wa mavuno, badala ya kufika hospitali wakati wa msiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka 2004 ukuta wetu ulijengwa kwa makaburi 125.

Lakini wewe mwanafunzi huna hazina ya serikali mfukoni, wala sitakuruhusu uifunge kurasa hii ukiwa hakimu wa watu wengine tu. Iko sehemu yako. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia ndani yake mahindi kiasi cha robo pamoja na chumvi kavu kidogo, uitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka, na kuyatia ghalani ni hatari. Yarudishe juani. Yakiisha kukauka chumvi haitashika. Hiki si kipimo cha sumu, ni kipimo cha unyevu, lakini mlango mkubwa wa kuvu hiyo ni unyevu, nawe umepata ufunguo wake kwa gharama ya chumvi ya kijiko. Usianike mahindi juu ya udongo mtupu, kwa maana udongo ndio makao ya kuvu. Yaanike juu ya turubai au jamvi. Yapukuchue bila kuyaponda, maana punje iliyopasuka ni nyumba isiyo na mlango. Chambua zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi na zenye rangi ngeni, wala usimpe mnyama atakayekupa maziwa. Mahindi yakikobolewa maganda yake kabla ya kupikwa, sumu hupungua pia, ingawa haiishi. Na ile mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi makavu; mahindi mabichi yakitiwa humo hayataponywa na mfuko.

Najua iko shida nyingine, ambayo vitabu vya sayansi haviitaji. Utamwambiaje mama au nyanya yako kwamba mahindi aliyoyatunza kwa jasho huenda yana sumu? Usimwambie kama mwalimu amwambiavyo mtoto. Yeye alijua mvua, mbegu na njaa kabla hujazaliwa, na maarifa yake ndiyo yaliyokulea ukaweza kusoma maneno haya. Keti naye wakati wa kuchambua. Fanya jaribio la chumvi mbele yake, uliache jicho lake liamue. Mtu mzima hupenda kushawishiwa na alionalo kuliko na aliloambiwa, na heshima yake ikibaki salama, mkono wake utakusaidia. Ukirudi nyumbani kwa kiburi cha darasa, utakuwa umempa ukungu rafiki mpya, yaani hasira.

Wako watakaosema kwamba nimewatisha watu wasile. Si hivyo. Katika nchi yenye njaa, neno "tupa" si dogo, nami silitamki kwa wepesi. Mtu mwenye gunia moja akitakiwa alitupe bila kupewa jingine, ameambiwa achague kifo cha juma hili au cha miaka ishirini ijayo, na atachagua cha mbali, kama ambavyo mimi na wewe tungechagua. Ndiyo sababu sumu hii haiwezi kushindwa na mkulima peke yake, wala na serikali peke yake, wala na mtaalamu peke yake. Anayedai punje mbovu itupwe sharti alete punje nzuri mahali pake. Asiyekuwa tayari kuileta, na anyamaze asimlaumu alaye.

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nasi tuongeze kwamba kingine ki ghalani mwako, kinalala karibu na kitanda cha mtoto, kimevaa sura ya chakula. Siku moja baadhi yenu mtakuwa wakulima, wengine wafanya biashara, wengine mabwana shamba na mabibi shamba, waganga wa hospitali, au wabunge wa kupitisha fedha za nchi. Kila mmoja atakutana na gunia hilo kwa upande wake. Mkulima ataulizwa kama alilikausha, mfanya biashara kama hakulichanganya, mbunge kama alileta kipimo. Nami naomba swali hilo lianze kuulizwa leo nyumbani kwenu, kabla ya sufuria kuwekwa jikoni, kwa chupa moja kavu na kijiko cha chumvi.